Je, Ukarimu wa Dola Hujifunzwa Ugenini?

Miongoni mwa mambo yaliyozoeleka katika utawala wa zama zetu ni safari ya ofisa wa serikali kwenda nchi ya watu kutazama wenzake wanavyofanya kazi. Huenda kutazama bandari, mahakama, mashamba na mitambo ya umeme. Kwa miaka ishirini na ushei sasa imeongezeka safari ya namna nyingine, nayo ni ya kwenda kutazama jinsi taifa jingine linavyoishi na wageni wake: wanavyofundishwa lugha, wanavyopatiwa wakalimani hospitalini, watoto wao wanavyoandikishwa skuli, na sheria gani inayowalindia haki ya kubaki na mila zao. Korea ya Kusini na Japani, nchi mbili ambazo kwa muda mrefu zilijihesabu kuwa ni za watu wa asili moja na lugha moja, zimekuwa wanafunzi wenye bidii wa elimu hii. Waalimu wao wamekuwa Australia, Kanada na miji ya Ulaya.

Suali tunalolikusudia hapa si la tiketi na posho, ingawa wapo wanaoziona safari hizi kuwa ni matembezi tu yaliyovishwa suti. Suali letu ni la kimaadili. Je, ukarimu ni kitu kinachoweza kuazimwa? Na kama chaazimika, ni sehemu yake ipi inayoingia katika mkoba wa ofisa, na ipi inayosalia kule kule alikoiona?

Wapenzi wa ushairi wanaijua tofauti hii kwa uzoefu. Vina na mizani hufundishika. Mtu akikaa na mtunzi kwa mwezi mmoja ataondoka anajua kuzihesabu mizani nane kwa nane, na kuvipanga vina vya kati na vya mwisho. Lakini lile lililomfanya mtunzi aseme alilolisema halimo katika hesabu hiyo, na mwanafunzi asiyelijua hilo huandika tungo zilizotimia umbo zisizokuwa na neno la kumwambia mtu.

Tuanze na kinachoazimika, kwa sababu si haki kukidharau. Mnamo Februari 1973 serikali ya Australia ilianzisha huduma ya ukalimani kwa njia ya simu katika miji ya Sydney na Melbourne. Mgeni asiyejua Kiingereza aliweza kupiga simu, au daktari wake akampigia, na mtu wa tatu akawatafsiria. Kabla ya hapo kazi hiyo mara nyingi ilimwangukia mtoto. Mtoto wa miaka kumi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda skuli, alisimama kati ya mama yake na daktari, akalazimika kuyasikia maradhi ya mama yake na kuyatamka kwa kinywa chake. Mwenye kuijua thamani ya sitara ataelewa kwamba mkalimani wa simu hakuleta wepesi peke yake. Alimrudishia mama sitara yake na mtoto utoto wake. Huduma ile hivi leo hufanya kazi usiku na mchana, kwa lugha zaidi ya 150. Ofisa anayeiona na kurudi kwao akaanzisha mfano wake amefanya kheri, na hapana haja ya kumtia dosari.

Lakini huduma hii ina nasaba yake, na nasaba hiyo haionekani mezani inapotolewa huduma. Nchi hiyo hiyo iliyoitumia lugha kumsitiri mgeni ilikuwa imeitumia lugha hiyo hiyo kumfungia mlango. Sheria ya kuzuia uhamiaji ya mwaka 1901 ilimruhusu ofisa wa bandarini kumsomea mgeni kifungu cha maneno 50 ili akiandike kwa imla, katika lugha yoyote ya Ulaya atakayoichagua ofisa mwenyewe. Mtihani haukukusudiwa kumpima mtu elimu yake. Ulikusudiwa kumfelisha yule asiyetakiwa, na asiyetakiwa zaidi ya wote alikuwa mtu asiyekuwa mweupe. Mwaka 1934 alifika mwandishi Egon Kisch, mzaliwa wa Prague, aliyekuwa akihubiri hatari ya utawala wa Hitler. Serikali haikumtaka. Kwa vile alijulikana kuwa na lugha kadhaa za Ulaya, alisomewa Kigaeli cha Uskoti, akashindwa. Mahakama Kuu ikaja kuamua kwamba Kigaeli hakikuwa lugha ya Ulaya kwa maana ya sheria ile, hukumu iliyomwokoa Kisch na kuwatukana Waskoti kwa pamoja. Mtihani huo haukufutwa hadi mwaka 1958.

Baina ya imla ya 1901 na simu ya 1973 yalipita mambo mengi: vita, haja ya wafanyakazi viwandani, na mamia ya maelfu ya Wataliano, Wagiriki na wengineo walioingia na kuanza kudai. Waliunda vyama, wakachapisha magazeti kwa lugha zao, wakapiga kura. Kanada nayo ilipotangaza sera yake ya tamaduni nyingi mwaka 1971, na kuitungia sheria mwaka 1988, haikuota tu katika fikra za waziri mmoja. Tume iliyoundwa mwaka 1963 ilikuwa imepewa kazi ya kuwapatanisha Waingereza na Wafaransa wa nchi ile, na watu wa asili ya Ukraine pamoja na wengineo wakasimama mbele yake wakauliza: na sisi tusiokuwa hawa wala wale, tumo wapi? Sera ilizaliwa na suali la mgeni. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mkoba wa ofisa haulibebi. Yeye huchukua jibu, akaliacha suali nyuma, na huko kwao jibu hilo hutolewa kwa watu ambao hawajaulizwa wanataka nini.

Jambo la pili ni lile lisilokuwamo katika ratiba. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwezi wa Agosti 2001 meli ya mizigo ya Norway, Tampa, iliwaokoa baharini watu zaidi ya 400, wengi wao Waafghani, waliokuwa katika chombo kinachozama. Australia ilikataa kuwapokea katika ardhi yake. Wengi wakapelekwa katika kisiwa kidogo cha Nauru, na kambi nyingine ikafunguliwa kisiwani Manus, Papua New Guinea. Kambi hizo zilifungwa mwaka 2008, zikafunguliwa tena mwaka 2012. Ni vigumu kuamini kwamba wageni rasmi waliokuja kujifunza huduma za wahamiaji hupelekwa kuona Manus. Wao huonyeshwa simu ya mkalimani, darasa la lugha na sikukuu ya vyakula vya mataifa, na vyote hivyo ni vya kweli. Ila dola lililoviandaa ndilo lililowaweka watu wengine kisiwani mbali na macho, kwa kosa la kuja kwa mashua.

Katika kambi ya Manus alikuwamo Mkurdi kutoka Iran, Behrouz Boochani. Aliandika kitabu kizima kwa Kiajemi katika simu ya mkononi, ujumbe baada ya ujumbe, kikatafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa mwaka 2018 kwa jina la No Friend But the Mountains. Mwezi wa Januari 2019 kitabu hicho kilipata tuzo kubwa ya fasihi ya jimbo la Victoria. Mwandishi mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuingia nchini kuipokea. Tafsiri yake ilipita mpakani, naye akazuiwa. Hatumtaji kwa ajili ya kuikebehi Australia, kwani dola lisilokuwa na Manus yake ni nadra. Tunamtaja kwa sababu yeye ni mwalimu wa huduma za wahamiaji kuliko kijitabu chochote kinachogawiwa katika semina, na ofisa aliyerudi kwao bila ya kulisikia jina lake amelala nyumbani mwa watu na asijue kunguni.

Sasa tuwatazame wanafunzi. Korea ya Kusini ilitunga sheria ya kuwashughulikia wageni mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikatunga sheria ya kuzisaidia familia za tamaduni nyingi. Vituo zaidi ya 200 vilifunguliwa nchini kote, vyenye madarasa ya Kikorea, wakalimani na washauri, na kukawa na simu ya msaada inayojibiwa kwa lugha 13. Kwa kipimo cha vina na mizani, kazi hii imetimia. Lakini sheria ya 2008 iliifafanua familia ya tamaduni nyingi kuwa ni ile ambayo mmoja wa wanandoa ni raia wa Korea. Bibi harusi kutoka Vietnam amo ndani yake, kwa kuwa atazaa Wakorea. Kijana wa Nepali au Bangladeshi anayefanya kazi kiwandani hamo, ijapokuwa amekuwapo miaka mingi na nchi inaishi kwa jasho lake.

Kijana huyo ana sheria yake nyingine, ya vibali vya ajira, iliyoanza kutumika Agosti 2004. Kibali chake kimefungwa kwa mwajiri, na hawezi kumwacha akenda kwa mwingine ila kwa sababu zilizotajwa na kwa idadi ya mara iliyowekewa mpaka. Mahakama ya Katiba iliulizwa kama kifungo hicho kinavunja haki za binadamu, ikasema mwaka 2011 kwamba hakivunji, na mwezi wa Disemba 2021 ikasema hivyo tena. Kwa miaka mingi muda wa kibali uliwekewa ukomo wa miaka 4 na miezi 10. Msomaji atauliza kwa nini miezi 10 na isiwe 12. Ni kwamba kukaa nchini miaka 5 mfululizo ni miongoni mwa masharti ya kuomba uraia. Mtu aliyeipanga hesabu hiyo alijua vizuri alichokuwa akikihesabu.

Hata lile neno lenyewe halikusalimika. Kwa Kikorea utamaduni mwingi huitwa damunhwa, na lilikusudiwa kuwa neno la heshima. Katika viwanja vya skuli likageuka kuwa jina la kumwitia mtoto ambaye mama yake ametoka kwengine. Neno lililoagizwa kutoka nje kama dawa liligeuka kuwa alama ya mgonjwa. Haya si ya ajabu kwa mwenye kuijua lugha: neno huchukua maana ya mahali linapoishi, wala halibaki na maana ya mahali lilipotoka.

Linalotushangaza zaidi ni kwamba Korea ilikuwa na waalimu ndani ya nyumba yake. Kuanzia mwaka 1963 maelfu ya vijana wa Kikorea walikwenda Ujerumani ya Magharibi kuchimba makaa ya mawe, kwa mikataba ya miaka mitatu mitatu, na baada yao wakafuata wauguzi wa kike zaidi ya 10,000. Walituma fedha kwao wakati nchi yao ikiwa maskini. Ulipoyumba uchumi wa Ulaya baada ya mwaka 1973, hospitali zikaanza kuwaona wauguzi wale kuwa wamezidi, na vibali vya baadhi yao vikakataliwa kuongezwa. Wauguzi hawakunyamaza. Katika mwaka wa 1977 na 1978 walisimama njiani na hospitalini wakikusanya saini, wakiwaambia Wajerumani kwamba wao ni watu walioitwa kwa kuwa walihitajiwa, na kwamba mtu si bidhaa inayorudishwa dukani ikishatumika. Dola la Ujerumani lilikubali, na wengi wakapata haki ya kubaki.

Ofisa wa Seoul anayetaka kujua huduma ya mhamiaji ni nini angeweza kuianza safari yake kwa mmoja wa wanawake hao, ambao baadhi yao walirudi kwao uzeeni. Angemwambia kwamba darasa la lugha ni jambo zuri, na mkalimani ni jambo zuri zaidi, lakini kilichomfanya awe mtu katika nchi ya watu ni ile siku aliposema "sikubali" na akasikilizwa. Kibali cha miaka 4 na miezi 10 kisingeweza kuandikwa na mtu aliyemsikiliza mwanamke huyo mpaka mwisho.

Japani inatupa mfano wa namna nyingine, kwani humo utaona nyuso mbili katika nchi moja. Mwaka 1908 meli ya Kasato Maru iliwafikisha Wajapani wa mwanzo katika bandari ya Santos, Brazil, kwenda kufanya kazi katika mashamba ya kahawa. Mwaka 1990, viwanda vilipokosa mikono, Japani ilibadili sheria na kuwafungulia mlango wajukuu wa wasafiri wale. Wengi walikwenda kukaa Hamamatsu, mji wa viwanda vya pikipiki na ala za muziki. Mji ule uliona kwa macho yake watoto wasiokwenda skuli na wagonjwa wasio na bima, na mwaka 2001 ukaungana na miji mingine kutoa azimio la kuitaka serikali kuu iyashughulikie mambo hayo. Serikali kuu ilikuwa na fikra nyingine. Ulipokuja msukosuko wa uchumi wa 2008, mwaka uliofuata iliwapa wafanyakazi wale yeni 300,000 kila mmoja warudi Amerika ya Kusini, kwa sharti la kutorejea kwa kibali cha aina ile ile. Mwaka 2017 Hamamatsu ukawa mji wa mwanzo wa Asia kujiunga na mtandao wa miji wa Baraza la Ulaya unaohusika na maingiliano ya tamaduni, na mwaka 2020 ukafuatiwa na Ansan wa Korea. Ni haki kusema kwamba Hamamatsu ulipokwenda kujifunza Ulaya ulikwenda na suali lake mkononi, suali ulilolipata kwa watoto wa mitaa yake. Safari ya namna hiyo haimpotezei mtu wakati.

Hapa anaweza kusimama mpinzani wetu akasema: nyinyi mnaotunga mashairi mnataka dola liwe na moyo, na dola halina moyo, lina bajeti na fomu. Mgonjwa asiyejua lugha anahitaji mkalimani leo, wala hana haja ya kungoja mpaka taifa lijutie dhambi zake. Hoja hii ina nguvu, na tunaikubali kwa sehemu yake kubwa. Huruma isiyokuwa na ofisi haimfai mgeni kitu usiku wa manane. Lakini fomu nayo hubeba maadili ya aliyeiandika. Kifungo cha mwajiri ni fomu. Miezi 10 badala ya 12 ni fomu. Hatulitaki dola lilie machozi. Tunachotaka ni kwamba katika kila huduma inayoazimwa iazimwe pia nafasi ya mgeni kuikataa, kuishitaki, na kumwacha mwajiri wake bila ya kuiacha nchi.

Sisi watu wa pwani tuna msemo kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Husemwa kwa mzaha, lakini mpangilio wake una adabu ndani yake. Kwanza mkeka na chakula, ndipo jembe, na mwenye kupewa jembe huhesabiwa kuwa ni wa nyumbani, kwa maana analima na wenyeji na atakula nao. Mfumo wa vibali vya kazi umeupindua msemo huu. Humpa mgeni jembe siku ya mwanzo, humhesabia siku zake, na kabla ya kufika ile siku ambayo angestahiki mkeka humpa tiketi.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Wakorea na Wajapani peke yao. Kamba hiyo inayomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wetu wengi wanaijua kwa jina la kafala, mfumo uliotawala Ghuba kwa miongo mingi, na ambao baadhi ya nchi, ikiwemo Qatar mwaka 2020, zimeulegeza kisheria. Wapo mabinti wa Mombasa, Tanga na Unguja waliokwenda huko kufanya kazi za nyumbani, na wapo waliorudi. Maofisa wetu nao husafiri kwenda kukagua hali zao, na hupokewa katika kumbi nzuri. Yale tuliyoyasema juu ya ofisa wa Seoul yanamhusu na huyu wetu: kabla ya kupanda ndege amtafute yule binti aliyerudi, akae naye, amuulize pasipoti yake iliwekwa na nani, na alipotaka kuondoka alimwambia nani.

Wazee wetu walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu huchukuliwa kwa wepesi, kwamba mgeni akija hupikwa kizuri na mwenyeji naye akafaidi. Yumkini una maana nzito zaidi. Maradhi ya mwenyeji, awe mtu au dola, ni kusahau kwamba yeye au wazazi wake walipata kuwa wageni mahali. Korea ilisahau migodi ya Ujerumani, Japani ikasahau kahawa ya Brazil. Mgeni anapobisha hodi humkumbusha, na katika kukumbuka ndimo ilimo ponya yenyewe. Hilo ndilo lisiloazimika. Mkalimani, kituo, simu na sheria ofisa ataviona huko aendako na aviandike, lakini kumbukumbu hiyo imo nyumbani kwake, kwa watu ambao anuani zao serikali yake inazo.